Mwaka Mbwa Wetu Aliponenepa

Juzi mume wangu alibakiza ugali, nami sikulala vizuri. Cheka ukitaka. Ungekulia nyumbani kwetu Gorong'a, na wewe ungekuwa unachungulia sahani za watu.

Mpeleka chakula nilikuwa mimi. Jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, mama alisonga ugali wa wimbi, mweusi, mzito, harufu yake inafika hadi kwa jirani, nami nikampelekea baba karibu na kihenge cha nafaka alikopenda kukaa. Mwaka ule sahani zilianza kurudi nusu. Mama akanung'unika. Basi zikaanza kurudi tupu, ila baba anazidi kukonda na mbwa wetu ananenepa.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeanza kulisema. "Mwanamume asiyekula kwake ana jiko lingine," alisema kwa sauti, mama asikie. Na baba naye hakujisaidia. Alivaa shati lililopigwa pasi, akapanda basi la Mwanza pale Tarime, eti anaulizia bei ya ng'ombe. Akirudi, hana bei wala ng'ombe.

"Mapenzi yanamkondesha," mama alisema huku akisugua sufuria kwa hasira. Nami nikamchukia huyo mwanamke wa Mwanza, nikampa hadi sura: mnene, mwenye jino la dhahabu.

Jioni moja mama alibeba sahani mwenyewe. Nilimfuata na maji ya kunawa.

"Leo utakula nikikuona."

Baba alifinyanga katonge kadogo, akajaribu kumeza. Machozi yakamtoka, akakatema kiganjani.

"Hakuna mwanamke," alisema. "Ni koo. Daktari wa Mwanza anasema ni saratani. Nilitaka mwendelee kulala usingizi."

Mama alikaa chini, pale pale vumbini.

"Heri ungekuwa umeoa, Baba Ghati. Mke mwenza ningemzoea."

Bibi alimfukuza mbwa kwa fimbo, kana kwamba yeye ndiye aliyeleta ugonjwa. Tangu siku hiyo mama alipika uji mwepesi, akauchuja kwa kitambaa, na sote tukanywa uji, baba asisikie harufu ya ugali asioweza kuula. Alituacha kabla ya mavuno.

Kihenge hakipo tena, zizi limeota magugu, na wimbi siku hizi nanunua sokoni. Jicho la kuchungulia sahani ndilo nililobaki nalo. Juzi nilimuuliza mume wangu amekula wapi. Akacheka, akasema ameshiba tu.

Nikamwomba Mungu iwe ni mwanamke.