Lulanga Mbili kwa Muziki wa Gitaa

Nilikwenda Katana kwa sababu ya kidole kimoja. Mwaka jana nilianguka na pikipiki hapa Bukavu, na tangu siku hiyo kidole cha pete cha mkono wangu wa kushoto hakikunjiki. Kwa mwalimu wa gitaa hilo si jambo dogo. Kaka yangu Pacifique alikuwa ameshanitungia muziki wa gitaa, wa kisasa kabisa, wenye sauti zinazoruka na vituo vya kimya vya ghafla. Nilimwambia ampe mpiga gitaa mwingine aurekodi.

"Hapana. Niliandikaka ya weye," alinijibu.

Ndipo nikaifikiria lulanga, ala ya Washi, kabila la huku kwetu: ubao uliochongwa kama sinia refu, na kamba moja inayopita juu yake mara nane. Hakuna pa kubonyeza, unapiga kwa vidole tu. Rafiki akanielekeza kwa maman Nsimire, muuguzi wa Katana aliyefundishwa kuipiga na baba yake.

Jumamosi asubuhi niliondoka Bukavu kwa basi dogo, ziwa likiwa kulia kwangu, limetulia kama limelala. Kavumu tulisimama, nikanunua maparachichi ya kumpelekea mwenyeji wangu.

Katana, niliposhuka barabarani, mwendesha pikipiki alinijia mbio.

"Maman, panda! Njia iko muzuri!"

"Hata miguu yangu iko mizuri."

Alinifuata polepole akicheka, mpaka nikampa mfuko wangu autangulize kwa maman Nsimire. Kinasa sauti nilikivaa shingoni. Mfuko ulifika na kukaribishwa kabla yangu.

Maman Nsimire alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, na siku hiyo hakuwa na zamu. Nilitaka tuanze papo hapo. Akaniwekea bugali na sambaza, visamaki vya ziwani.

"Kula kwanza, dada. Muziki haikimbie."

Baada ya chakula nilimwimbia utungo wa Pacifique kipande kwa kipande. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Hii iko na masauti mingi. Lulanga iko na munane tu."

Tulijaribu kubadilisha sauti za kamba yake. Nikikaza upande mmoja, upande wa pili unalegea, maana kamba ni ile ile. Mchana ukapita hivyo. Niliviangalia vidole vyangu, nikamwambia nadhani nimemsumbua bure. Nilikuwa karibu kulia, na aliona.

Akaingia chumbani, akatoka na lulanga ya pili, ndogo, aliyojifunzia utotoni.

"Tugawanye. Weye piga ya chini, miye ya juu."

Tuligawana sauti kama watu wanaogawana maharage ya kuchambua. Nilikosea, naye akakosea, tukacheka sana. Mkono wangu wa kushoto, ambao kwa miezi ulikuwa mzigo tu, ulianza kupata kazi.

Jumapili baada ya misa tulirekodi chumbani kwake, magodoro yakiwa yameegemezwa dirishani kuzuia kelele za majogoo. Shida ikawa moja. Kila tulipofika kwenye vituo vya kimya, maman Nsimire aliguna wimbo kwa sauti ya chini.

"Maman, hapa tunyamaze."

"Pardon, dada. Lulanga bila kuimba, miye siwezi. Mudomo inajiendea."

Tulirudia mara kadhaa, na kila mara mdomo ulijiendea. Mwishowe niliacha kumkataza. Tukapiga mpaka mwisho bila kukosea hata mara moja, tukabaki tumeshikana mikono.

Jioni nilikuwa Bukavu. Pacifique alivaa visikilizio, akafumba macho. Kwenye kituo cha kwanza cha kimya aliyafumbua.

"Nani anaguna? Hapa sikuandikaka kitu."

"Ni maman Nsimire. Nikate?"

Akairudisha nyuma, akasikiliza tena, akasikiliza mara ya tatu. Nilisubiri nikiwa nimeshika kiti.

"Acha vile," akasema. "Muambie nitaandika ingine. Ya weye na yeye, benyewe babili."

Sasa ninakwenda Katana kila ninapopata nafasi. Miaka yote nilipiga gitaa peke yangu, nikidhani muziki ni mimi na karatasi. Kule nimejifunza kumsikiliza mwenzangu akivuta pumzi, na kumngoja kabla sijagusa kamba.