Firigisi ya Mtu wa Hisa

Mpaka leo nikiikumbuka ile firigisi mate yananijaa mdomoni, na si ya hamu. Ya kutema.

Nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Kwetu Nandagala, huku Ruangwa, kuku akichinjwa, firigisi haiendi kwa mtu hivihivi. Anapewa mkwe, anapewa mjomba mtu, mwanaume wa kuheshimiwa. Mie nikampa yule bwana wa kutoka Dar es Salaam, viatu vinang'aa, ananukia marashi mpaka mbuzi wangu wanapiga chafya. Akaila. Akanyonya vidole kimoja kimoja, akachokonoa meno na njiti ya kiberiti, akatema palepale nilipofagia asubuhi. Nikajisemea, mgeni huyo, nyamaza.

Lakini ngoja nianze vizuri, maana mie nikishika maneno nayapeleka huku na kule.

Akina mama wa hapa tuna kikundi cha hisa. Kila Jumamosi tunakaa, kila mtu ananunua hisa zake, hela inaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu. Mwisho wa mwaka tunavunja. Hiyo kuvunja ndiyo sikukuu yenyewe! Sanduku linafunguliwa, kila mtu anabeba chake na faida yake, vigelegele mpaka kijiji cha pili, Likunja, wanasikia. Mwaka ule hela yangu ilikuwa na kazi tayari: bati. Nyumba yangu ya nyasi, na nyasi zenyewe zimeoza, mvua ikinyesha nalala na sufuria kitandani kama mume. Nilijiapiza, mvua za mwaka huu hazinikuti chini ya nyasi.

Mwenyekiti wa kikundi ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye aliyetuletea yule bwana. Kwangu kuna kivuli na kuna kuku, basi kikao kikawekwa kwangu, ndiyo siku ile ya firigisi.

"Mama zangu," akasema yule bwana, "hela mmeilaza kwenye sanduku kama maiti! Kuna kampuni inabangua korosho, inauza hisa. Msivunje. Nipeni hela ya sanduku zima, niwanunulie hisa, hela izae."

Akatugawia kila mtu kitabu. Kitabu kizuri, kinateleza, kina picha za watu wenye meno meupe wanacheka na korosho mkononi. Mie kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, darasa la nne sikumaliza, lakini picha nazisoma. Nikakipenda. Nikakilalia chini ya mto. Bwana akasema baada ya wiki tatu anarudi kuchukua jibu na hela.

Katikati hapo mwanangu akajifungua Nachingwea, nikaenda kumtunza, na kitabu changu nikakibeba. Kwenye nyumba ile kuna mwalimu kapanga chumba, mwanamke wa Bukoba, anafundisha watoto wa sekondari mambo ya biashara. Tulipatana siku ya kwanza kwa matusi. Alikuwa anakula senene, panzi wale, anawatafuna krr krr. Nikamwambia, "Mwalimu, huoni kinyaa?" Akanijibu, "Bibi, nyie huku si mnakula panya?" Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Panya kweli tunakula, panya wa shamba, mtamu, lakini senene? Hapana.

Siku moja nafua nepi, yeye kakaa kizingitini anakunywa chai, nikamuuliza ili nijue ya kuwaambia wenzangu. "Mwalimu, hizi hisa za makampuni, wao wanavunja lini?"

Akanitazama. "Wanavunja nini, bibi?"

"Si sanduku! Tugawane."

Chai ilimtoka puani. Alipopumua akasema, "Bibi yangu, kampuni haivunjwi. Kampuni ikivunjwa ujue imekufa, na wenye hisa ndio wanalipwa mwisho kabisa kwenye tanga lake, kama kuna kilichobaki. Ukitaka hela yako unatafuta mtu wa kuinunua hisa yako kule soko la hisa. Kwa bei ya siku hiyo. Labda imepanda, labda imeshuka."

"Na faida?"

"Inaitwa gawio. Wakipata na wakaamua kugawa, unapata. Wasipoamua, unakaa."

Nikaacha nepi kwenye beseni. Nikamwambia nifundishe basi, mie si mjinga, sijasoma tu.

Akanifundisha siku zile zote, kwenye simu yake, hesabu za kampuni moja anayoijua. Uchafu mtupu, namba juu ya namba, hakuna hata picha ya kuku. Akasema usitazame mwaka mmoja, tazama miaka mitano. Hapo ndipo nikamwelewa, tena nikamrukia. Nikamwambia, "Hiyo ni korosho!" Maana ghalani mpimaji hachukui korosho za mdomo wa gunia. Anachota juu, anachota katikati, anachota chini, anachanganya, anazihesabu, anazikata mojamoja na kisu. Hii nyeupe, hii ina madoa, hii imeoza, hii ganda tupu. Gunia zima analijua kwa zile chache.

"Ndiyo hiyohiyo, bibi," mwalimu akasema. "Mwaka mmoja ni mdomo wa gunia."

Niseme na langu. Nilipokuwa na nguvu zangu, mwaka mmoja nilijaza korosho mbovu katikati, nzuri chini, nzuri juu, na mpimaji wa siku ile alikuwa mvivu. Zilipita. Nilijisifu wee. Sasa nimekaa pale na nepi, najisikia nanuka mwenyewe, maana aliyezinunua zile naye alikuwa mtoto wa mtu.

Akanifundisha kuikata hisa kama korosho. Unachukua faida ya mwaka, unaigawa kwa hisa zote, unajua hisa moja imezaa ngapi. Halafu unatazama bei yake. "Tuseme unainunua mia mbili," akasema, "na yenyewe kwa mwaka inazaa ishirini. Hela yako itarudi baada ya miaka mingapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Kumi! Mwalimu, mie nitakuwa udongo!"

"Basi hela ya bati haiendi kwenye hisa, bibi. Hisa ni ya hela isiyo na haraka. Na kabla ya hapo tazama madeni, maana kampuni inaweza kuvaa suti ya kuazima."

Nikakimbia ndani nikaleta kitabu changu cha picha. Akakifungua, akakigeuza, akakitikisa. "Hesabu ziko wapi?"

"Hizo picha?"

Akapekua kwenye simu, majina ya makampuni yote yaliyoko sokoni. Hiyo ya bwana haimo. Akarudia, haimo. Nikakinusa kile kitabu: marashi yaleyale. Na mie nimekilalia shavu wiki mbili! Unajua ukikata korosho iliyo nzuri kwa nje, ndani unakuta unga na funza anakukodolea? Hivyo. Nikaenda kunawa uso kwa sabuni ya nepi.

Nikarudi Ruangwa siku moja kabla ya kikao. Kesho yake wamekaa wote uani kwangu, sanduku katikati, bwana na viatu vyake. Wifi ananitania, "Huyo, mzazi wa Nachingwea! Umenenepa kwa uji wa mwanao." Nikacheka. Nikanyoosha mkono.

"Baba, mie mtu mzima, sijasoma. Swali moja tu. Hiyo kampuni yenu mnavunja lini?"

Akatabasamu meno yote. "Bibi umeuliza swali zuri sana! Tunavunja mwezi wa kumi na mbili mwakani, kama mlivyozoea. Na kila mtu anachukua mara mbili!"

Vigelegele. Kosa langu lile lile la ujinga, lililomtoa mwalimu chai puani, ndilo linalomlisha bwana huyu mjini.

"Kampuni haivunjwi," nikasema. "Ikivunjwa imekufa, baba, na maiti hazai. Tuoneshe hesabu za miaka mitano."

"Bibi, hayo mambo ya kisomi yatawachanganya mama zangu."

"Tuchanganye."

Yule bwana akamtazama wifi. Halafu akaweka simu sikioni, simu yenyewe haijalia, akasema haloo haloo anatoka uani, tukasikia pikipiki inawaka. Vumbi tu. Wenzangu wakaanza kucheka, mmoja akaiga haloo haloo, mwingine akalikumbatia sanduku kama mwali.

Wifi hakucheka. Kumbe yeye alishampa. Hela ya korosho zake zote za msimu, nje ya kikundi, ati kianzio cha mwenyekiti.

Nilitaka kumsema. Mdomo ulishafunguka. Nikasema, "Wifi, ulimwaminije mtu anayetema uani kwa watu?"

Akaniangalia na macho yamejaa. "Si wewe ulimpa firigisi? Siku ile sikuwa nimeamua. Nikaona wifi yangu mkubwa kampa firigisi mbele ya watu wote. Nikajua umempima."

Kichefuchefu nilichokuwa nacho kwa yule bwana chote kikanirudia mie.

Jumamosi iliyofuata tulivunja. Nilinunua bati, lakini si za nyumba nzima. Chumba cha nyuma nikakiacha na nyasi zake, bati zake nikazipeleka kwa wifi, zikaezeka jiko lake. Hakunishukuru, na mie sikungoja.

Mvua zilipoanza alikuja kwangu na kuku. Tukamchinja. Na firigisi, kila mwanamke anajua, haipikwi hivihivi: unaipasua, unaikunjua, ule uchafu wa ndani, mchanga na majani mabichi yaliyovunda, unaumwaga, unamenya na ile ngozi ya njano. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Wifi akaninyang'anya kisu.

"Leo napasua mimi," akasema.

"Unaniogopa?"

"Sana."

Akaipasua, akaitazama ndani muda mrefu, akaisafisha. Ilipoiva akaikata katikati, nusu yangu, nusu yake. Yake ilikuwa kubwa. Nilimwambia, lakini bati zilikuwa zinapiga kelele kwa mvua, akajifanya hasikii.