Picha ya Mtoto Asiyeumwa

Binti yetu wa kwanza alianza kukohoa akiwa na miaka miwili na miezi kadhaa. Kwenye kituo cha afya cha hapa kwetu Lagangabilili alipewa dawa ya nimonia, akapata nafuu, kikohozi kikarudi. Akapewa tena. Mara ya tatu tukapelekwa Bariadi, na huko nilimshika mikono juu ya kichwa ili apigwe eksirei, huku akilia na kunitazama kama vile mimi ndiye ninayemuumiza. Upande mmoja wa kifua ulitokea mweupe wote. Wakasema huenda ni kifua kikuu. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa nacho, lakini alimeza zile dawa kwa wiki kadhaa, na picha ya pili ikatoka nyeupe kuliko ya kwanza.

Ndipo tukapewa rufaa ya Mwanza. Akaingizwa kwenye mashine ya CT, na baada ya siku chache wakamtoa kinyama kidogo kifuani kwa sindano, wakakipeleka maabara. Daktari wa watoto, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alituita mimi na mume wangu akatueleza kwamba ni uvimbe wa saratani unaoanzia ndani ya pafu lenyewe, unaowapata watoto wadogo, na ni nadra sana. Yeye mwenyewe alikuwa ameona watoto wawili tu tangu aanze kazi. Kwenye kompyuta alituonyesha jinsi ulivyousukuma moyo ukaenda upande wa pili. Walimwekea dripu za dawa, wakisubiri upungue wapate kuutoa. Haukupungua vya kutosha. Mtoto wetu alifariki wodini, asubuhi, nikiwa nimempakata.

Siku tunaondoka, mume wangu alikuwa nje akihangaikia gari la kubeba mwili. Daktari alinipa bahasha ya kaki yenye picha zote na barua. Akaniuliza kama nina watoto wengine. Nikamwambia sina.

"Ukipata mwingine," akasema, "mlete tumpige picha akiwa bado mchanga. Usingoje akohoe. Huu ugonjwa wakati mwingine unakuwa kwenye damu ya familia, na ukiwahiwa unatolewa."

Nikaitikia kwa kichwa. Wakati ule nilikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Sikumwambia mume wangu. Mwanzoni ni kwa sababu tulikuwa tunazika. Halafu ni kwa sababu alikuwa ameanza kula tena, na sikutaka kumrudisha kule. Baadaye nikashindwa kusema kwa sababu nilishakaa kimya muda mrefu mno, na ningesema sasa angeniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo.

Mtoto wa kiume alizaliwa mnene, na ana sauti. Mama mkwe alikuja kutoka Nassa kumwogesha, akawa anamwita ng'wanone, mwanangu, akimpaka mafuta mpaka anang'aa. Kliniki walimsifu kwa uzito. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake. Ninashona nguo kibarazani, na mara nyingi nilisimamisha cherehani katikati ya mshono nisikilize. Nikifikiria kusema, naiona ile meza ya mashine. Nikiamua kunyamaza, naanza kuhesabu upya. Hakukuwa na pa kupumzikia. Kwenda Bariadi mjini nilikuwa nakwepa kabisa, kwa sababu barabara inapita karibu na kile chumba cha eksirei, na nguo za wateja nikawa natuma mtu.

Mume wangu yuko masjala katika ofisi za halmashauri, ni mtu asiye na maneno mengi. Kila akirudi kazini alimchukua mtoto, akambeba kifuani na kuliweka sikio kwenye mgongo wake mdogo. Nilidhani ni mapenzi tu ya baba.

Mtoto alipofika miezi sita tulikuwa tunavuna pamba. Jumamosi moja mchana tulikaa uani juu ya turubai tukiichambua, nyeupe huku, fifi, ile chafu, kule. Mtoto alikuwa kati yetu, anachezea mabua. Akakohoa. Mara moja tu, pengine ni vumbi. Mikono yangu ilisimama. Nikainua macho, nikaona na ya mume wangu imesimama.

"Kuna kitu daktari aliniambia," nikasema. "Kuhusu huyu."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Niliisoma barua. Wiki ileile tuliyozika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani hujui," akasema. "Nikaona bora mmoja wetu awe analala."

Nilimkasirikia, halafu nikakosa la kumkasirikia, maana na mimi nilikuwa nimefanya vilevile. Karibu mwaka mzima tumelala kitanda kimoja, kila mmoja akimlinda mwenzake dhidi ya kitu ambacho mwenzake anacho tayari. Akasema Jumatatu ataomba ruhusa kazini. Nikamwambia sitaki.

"Wakikuta hana?" akauliza.

"Na wakikuta anao?"

Akaendelea kuchambua, na pamba nyeupe akawa anaiweka kwenye fifi bila kujua.

Jumapili usiku nikakubali twende. Mama mkwe alipoelezwa alikataa katakata. Mtoto haumwi, ananyonya, anacheka. "Mnamtafutia ugonjwa," akasema, na siku mbili hakuongea na mwanawe. Lakini asubuhi ya safari tulimkuta ameshavaa, mkoba wa nguo za mtoto uko begani. Kwenye basi alikaa ameangalia mbele. Tulipopita Nassa hakugeuka hata kutazama upande wa kwao.

Hospitali walikuwa wametuambia kwa simu mtoto asilale njiani, ili alale ndani ya mashine bila kuhitaji dawa ya usingizi. Tukawa tunamwamsha kwa zamu, tunampangusa uso kwa maji, naye akilia kwa usingizi mpaka abiria wakatununia. Pale hospitali nilimnyonyesha akalala, nikamlaza mezani, akaamka.

Mtaalamu wa picha, kijana mpole, akasema, "Mnyonyeshe tena, mama. Hatuna haraka."

Mara ya pili akalala kweli. Wakamfunga mikanda juu ya khanga, na mimi nikavishwa ile aproni nzito ya kuzuia mionzi. Mlango ukafungwa. Sauti ikatoka upande wa pili wa kioo ikiniambia nisimguse. Meza ikaanza kumwingiza kwenye lile duara. Nilisimama pale, siwezi kumchukua, siwezi kutoka, aproni imenielemea mabega, na nikajikuta naomba aamke alie ili tushindwe, turudi nyumbani. Hakuamka.

Daktari alikuwa yuleyule. Alinikumbuka. Alituonyesha pafu la kushoto, chini, doa jeusi la duara kama punje ya hindi.

"Ni kifuko cha hewa," akasema.

"Ndiyo huo ugonjwa?" mume wangu akauliza.

"Kinaweza kuwa kifuko tu. Angekuwa mtoto mwingine ningesema tusubiri. Kwa huyu sitasubiri."

Walimfanyia upasuaji baada ya wiki tatu. Majibu ya maabara yakasema ni ugonjwa uleule, katika hatua yake ya mwanzo kabisa, na umetoka wote. "Mmewahi," daktari akasema, akanishika mkono akinishukuru kwa kumleta. Nilitamani auachie. Nilikuwa nawaza ile miezi sita, na jinsi nilivyosimama mle ndani nikiomba tushindwe.

Sasa amepita miaka miwili. Ana kovu chini ya kwapa na anafukuza mbuzi wa jirani. Kila baada ya miezi kadhaa tunarudi Mwanza kwa picha, na siku hizi anaanza kulia kuanzia getini. Wiki ya kabla ya picha siwezi kushona mshono ulionyooka. Ya baada yake naweza. Halafu siku zinaanza kusogea tena. Daktari anasema tutaendelea hivi mpaka avuke umri wa hatari, na hata hapo atatuomba tuje mara mojamoja.

Juzi mama mkwe aliniuliza, tukiwa jikoni, "Mayu, mama, huyu mtoto atacheza na nani?"

Nikamwambia bado tunafikiria. Mume wangu alikuwa mlangoni, akasikia, na safari hii nilijua alichonacho moyoni, maana asubuhi ya siku hiyo tulikuwa tumekizungumza. Tunamtaka mwingine, na wote wawili tunaogopa. Picha ijayo ni baada ya mavuno. Tumekubaliana tutaamua tukisharudi.