Mpira Uliogusa Mstari

Nilimwonea wivu hata vita vyake. Naliandika hili mwanzoni kabisa nisije nikalikwepa.

Alikuwa Msudani, bingwa wa tenisi wa vyuo vikuu vya kwao hadi Khartoum ilipowaka moto. Akavuka bahari, akapata ukarani bandarini Jeddah, meza mkabala na yangu. Mimi ni mtu wa Tanga, na kabla hajaja, bingwa pale kazini nilikuwa mimi. Haikupita wiki kila mtu akawa anasema, "Kama si vita, huyu angefika mbali." Mimi hakuna aliyenisemea hivyo. Sikuwa na vita vya kusingizia, nilikuwa na miguu mizito tu.

Kampuni ikataka mchezaji mmoja aende kwenye mashindano ya matawi, Riyadh. Meneja wa huko alikuwa anatafuta mwalimu wa tenisi. Tukiwa tunakula fuli, maharage ya kwao, mtaani Kandara, mwenzangu aliniambia, "Ndugu yangu, nikiipata kazi ile nitakuwa mtu tena." Nikaitikia inshallah, roho inaniuma.

Tulicheza sisi wawili kuamua nani aende. Hatukuwa na mwamuzi. Mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema umeingia au umetoka, na mwenzako anakuamini. Alikuwa hajashika raketi muda mrefu, pumzi zikamwishia, tukafika pointi ya mwisho tukikabana. Mpira wake ukagusa mstari. Niliuona vizuri, ulikuwa ndani.

"Nje," nikasema.

Akaja upande wangu, akainama kutafuta alama. Kwao walizoea viwanja vya udongo, ambako mpira huacha alama. Chetu kilikuwa cha saruji. Akanyooka, akanipa mkono.

"Halas, yamekwisha. Wewe ndiye uliyeona."

Riyadh nilifungwa mechi ya kwanza, kufungwa kwa aibu. Nikiwa najifuta jasho, meneja akanijia.

"Yuko wapi yule Msudani tunayemsikia? Nilitaka nimwone akicheza."

"Nilimfunga," nikasema, tena kwa kujidai.

Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe? Basi huyo naye hatufai."

Jumapili, siku ya kuanza wiki kule, nilirudi kazini. Nikakuta mwenzangu ameniwekea chai mezani. Hakuuliza matokeo. Aliuliza kama viwanja vya Riyadh ni vya udongo, kama vya kwao.

Vilikuwa vya udongo, vyekundu, vimemwagiwa maji vizuri.

Nikamwambia ni saruji.