Bega la Kusagia Msiro

Bega langu la kulia limenigharimu meticais elfu moja mia moja na themanini. Nimehesabu mara mbili, hazikupungua. Mia tano hirizi, mia mbili na hamsini vidonge, mia tatu na sitini makopo mawili ya dawa ya kuchua, sitini nauli. Kumi zilizobaki ndizo pekee zilizofanya kazi.

Mimi nasaga msiro, ule mti wa kupaka usoni. Unashika kipande, unanyunyiza maji juu ya jiwe, unasugua mbele na nyuma mpaka litoke rojo jeupe. Hapa sokoni Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, wateja wangu ni wenye harusi. Tangu tuliporudi mjini baada ya kukimbia vita, mkono huu ndio ulioezeka nyumba yangu upya.

Maumivu yalianza mbele ya bega, yakashuka hadi kidole gumba. Ikafika siku nikashindwa kujifunga kilemba. Nikachua pale mbele mwezi mzima. Ngozi ikawa laini kama ya mtoto, maumivu yakabaki palepale. Jirani yangu muuza dagaa akanipa pole kwa namna yake:

"Shoga, mkono huo umechoka kupokea hela zetu."

"Zako haujawahi kuziona."

Tulicheka, ila mimi nilikuwa naogopa. Mkono ukilala, na mimi nitakula nini?

Hospitalini nikapelekwa kwa kijana wa fisioterapia, wanaotibu viungo kwa mikono, mtu wa kule juu bara. Akauliza kama kifua kinabana, kama nina homa, kama nilianguka. Vyote hapana.

"Mama, nipe mgongo."

"Mwanangu, panauma mbele."

"Najua. Nipe mgongo."

Akapapasa ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, kidole chake kikasimama juu ya kitu kigumu kama punje ya mbaazi. Akakandamiza.

Subhanallah! Maumivu yakalipuka mbele, yaleyale yangu ninayoyajua, yakateremka mkononi hadi kwenye gumba. Nikatazama kifuani kwangu kuona nani ananigusa. Hapakuwa na mtu. Nikageuza shingo: mikono yake yote miwili ilikuwa mgongoni kwangu.

"Rudia," nikamwambia. Akarudia. Ikawa vilevile.

Akanieleza kwamba msuli unaofanya kazi moja kutwa hujikaza, ukafunga kifundo, na kifundo cha nyuma huweza kuumiza mbele. Zaidi ya miaka hamsini naishi ndani ya mwili huu, nadhani naujua kuliko meza yangu, kumbe una njia zake ambazo hakuna aliyewahi kunionyesha.

Alisema nitafute mpira mdogo. Nikanunua fungu la ndimu mbichi, meticais kumi, nikatia moja ndani ya soksi, nikaibana kati ya ukuta na kile kifundo. Pumzi kumi taratibu, kisha kitambaa cha moto. "Uchungu wa kuvumilika, mama, usiwe wa machozi." Wiki mbili baadaye nilijifunga kilemba mwenyewe, nikasimama mbele ya kioo nikiushangaa mkono kama wa mgeni.

Lakini aliniambia pia nipumzishe mkono wa kulia, nibadilishe mikono. Nikajaribu kushoto. Mama mmoja aliyekuja kuchukua msiro wa bintiye akaniona.

"Mkono gani huo?"

"Wa kushoto. Huu mwingine unaumwa."

"Basi huo kampake mbuzi wako. Mwanangu haolewi na uso wa mkono wa kushoto!"

Akaondoka na sufuria tupu. Nikarudi kusaga kwa mkono wa kulia. Siku ya nne, punje ya mbaazi ilikuwa imerudi mahali pake.

Kusaga kwa kushoto kwa kujificha sitaki. Wanaponunua kwangu wananiamini. Basi ninyi mnaosaga huko Mucojo, Palma na visiwani, nawaomba mnishauri. Jiwe mnaliweka chini au juu ya kigoda? Mnapumzika baada ya kusaga kiasi gani? Na mteja wa namna ile, mnamwambia nini hadi akubali?