Kushi za Mlima

Mume wangu alirudi nyumbani, mtaa wetu wa Kamalondo, jioni moja na maagizo ya mzungu wake. Mzungu huyo kazi yake ilikuwa mawe. Alizunguka porini akiyapiga nyundo, na mume wangu alimbebea masanduku.

"Anataka umushonee kushi," mume wangu akasema. "Mingi, ya rangi rangi. Zingine nene, zingine nyembamba."

Kushi, kwetu sisi wa Elisabethville, ni nepi. Neno ni la Kifaransa, na mimi nililipata kwa masista walionifundisha kushona. Tulikaa mchana kutwa tukipinda kingo za kushi nyeupe mpaka vidole vikafa ganzi. Basi sikuuliza zaidi. Nikajua mke wa mzungu ni mjamzito, na nikacheka peke yangu, maana na mimi nilikuwa na mimba.

Lakini yangu sikuishonea kitu. Kwetu mtoto hashonewi nguo akiwa bado tumboni. Hata kitambaa hakiwekwi kando kwa ajili yake, kwa sababu ukimwandalia unawaonyesha wanaomtaka mahali alipo. Mimba zangu mbili zilikuwa zimeshaharibika, na juu ya hii sikutaka mchezo. Jirani mmoja aliniletea sweta ya mtoto, nikamfukuza nayo mpaka barabarani. Mtoto wa mzungu, hata hivyo, alikuwa na miiko ya kwao. Nilishona kushi zake kwa raha: nyeupe, nyekundu, kijani, hata nyeusi. Mtu anajiuliza, nani anamvisha mtoto nepi nyeusi? Wazungu na mambo yao.

Baadaye mzungu aliniita nikaione kazi yangu. Mkewe alipita barazani na kikapu cha maua, tumbo bapa kama sahani. Nikadhani labda ameshajifungua.

"Mutoto alishazaliwa, bwana?"

"Mutoto gani?"

Alipoelewa alicheka mpaka akavua miwani. Kwa Kifaransa neno ni lile lile: nepi ni kushi, na tabaka la mwamba ni kushi. "Hapana ya mutoto," akasema. "Kushi ya majiwe."

Akanionyesha meza. Alikuwa amezilowesha nepi zangu kwenye jasi, ule unga mweupe wa kufungia mifupa iliyovunjika, akazipanga moja juu ya nyingine, kisha akazisukuma kwa mbao kutoka pande mbili. Zilikuwa zimeinuka katikati, zikajikunja, zikakauka. Nguo zangu zilikuwa jiwe. Nyekundu ilipita juu ya nyeusi, ikashuka, ikarudi chini yake, na pembeni mishono yangu ilionekana bado.

Mawe ya huku, alisema, yalilala hivyo hivyo kwa matabaka. Yakazama mbali, kwenye joto, yakalainika bila kuyeyuka. Dunia ikayabana, yakajikunja. Yaliyozama zaidi yaliyeyuka kabisa. Halafu mvua ikala ya juu, na yaliyobaki ndiyo vilima tunavyopanda tukienda kutafuta kuni. Aliongea huku akipapasa mgongo wa mkunjo kwa kiganja. Mimi nilisimama upande wa pili wa meza, na tumbo langu lilikuwa na kimo kile kile.

"Na ilishaisha, bwana?" nikamwuliza.

"Hapana. Inaendelea. Polepole. Hautasikia."

Mimi na mume wangu tulirudi jioni. Kule kiwandani walikuwa wanamwaga masimbi ya shaba, yale mawe yaliyoyeyushwa, kama kila siku, na mbingu ilikuwa nyekundu. Wekundu ule nilikuwa nimeuzoea tangu nifike mjini. Siku ile niliona ardhi inavuja. Nilikanyaga taratibu njia nzima, na mtoto, ambaye saa hiyo alikuwa na tabia ya kupiga teke, hakupiga.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka kaskazini kungojea uzazi. Nilimsimulia yote. Hakucheka.

"Mutoto wa muzungu haiko?"

"Haiko, mama."

"Lakini kushi iko."

"Iko."

"Sasa ulishonea nani?"

Katika habari nzima ile kulikuwa na tumbo moja tu, na lilikuwa langu. Mimi niliyemfukuza mtu kwa ajili ya sweta, nilikuwa nimemshonea mwanangu rundo zima la nepi na kuzipeleka kwa mikono yangu zikageuzwa mlima. Nililia kwa woga na kwa hasira.

Dawa ilikuwa moja, kuzifumua. Mume wangu alienda kuliomba lile jiwe. Mzungu alikuwa ameshalipiga picha, akampa bila maneno. Mama mkwe alilipasua kwa mchi, tabaka baada ya tabaka, na mimi nilifumua kingo kwa wembe mpaka kila nepi ikarudi kuwa kitambaa tu. Tukazifua, tukazianika. Zilibaki na mikunjo ambayo hata pasi ya makaa haikuiondoa. Ila ile ya ndani kabisa, mahali mkunjo ulipojifunga, haikukubali. Ilikuwa bonge la ukubwa wa mkate.

"Uache," mama mkwe akasema. "Ukiipasula na nguo itapasuka."

Kabla hatujajua la kufanya, uchungu ukanishika, mchana, mvua ikinyesha. Mtoto alitoka kimya. Nilimgusa, alikuwa baridi kama sakafu.

"Nguo!" mama mkwe akapiga kelele. "Mulete nguo!"

Nyumba ilikuwa haina nguo ya mtoto. Mimi mwenyewe nilihakikisha haina. Kulikuwa na vile vitambaa tu juu ya kamba, na niliona jinsi mama mkwe anavyoviangalia na kuogopa.

"Zile," nikasema. "Umufunge na zile!"

Alimviringisha kwenye nyekundu, kwenye kijani, hata kwenye nyeusi, akamsugua, akamsugua, mpaka mwanangu akalia. Tulipomfungua jioni, mikunjo ya kitambaa ilikuwa imemchora mgongoni, mistari iliyopanda, ikapinda, ikashuka. Nilikaa naye mpaka ilipofutika.

Sasa mwanangu huyo ana wajukuu. Lile bonge liko chini ya kitanda changu. Watoto wanadhani ni jiwe la ukumbusho, mmoja alitaka kuzuilia mlango, nikamchapa. Ndani yake mna nepi imeshonwa, haijavaliwa, na sijui ni ya nani. Kila mara msichana wa ukoo wetu akishika mimba, ninainama kuangalia kama bado ni zima. Nimewaambia: siku nikifa, mniwekee bonge hilo kwenye sanduku, kifuani, nitaivaa mimi.