Daktari Aliyenawishwa Nyumbani Kwetu

Inasemwa kwenye mabaraza ya mtaa wetu wa Ndia Kuu kwamba mimi, Zubeida, mjane wa marehemu Jaffar, humpikia daktari ili anipose. Si kweli. Chakula kile kilitokana na kidole cha mguu cha kaka yangu, nami nitaeleza mara hii moja.

Kaka yangu Kamaludin, ninayeishi naye katika nyumba aliyoiacha marehemu, alikuwa karani wa forodha. Miaka thelathini alifungua mizigo ya watu, akastaafu na imani moja: kila kinachoingia kimebeba kitu kisichoandikwa kwenye karatasi. Ana kisukari. Mwezi wa Rajabu kidole chake kilifanya kidonda, kikaanza kugeuka rangi, naye akakataa katakata kwenda hospitali. Nikamwita Daktari Kyalo, mwenye kliniki yake kule Makadara, aje nyumbani.

"Umeshika wagonjwa wangapi leo?" Kamaludin alimuuliza kabla hajaketi.

"Arobaini hivi, mzee."

"Mimi nina ugonjwa mmoja. Ukinishika nitakuwa na arobaini na moja."

Daktari akatoa glavu. Kamaludin akataka kujua nani alizishika kabla hazijatiwa ndani ya boksi. Mwisho akakubali, akaninong'oneza sharti kwamba daktari anawe mbele ya macho yake. Nikaleta birika na bakuli, nikammiminia maji.

Hapo ndipo kosa lilipotendeka, na ni langu. Daktari ni Mkamba wa Machakos, lakini amekaa Mombasa miaka ishirini na adabu zetu anazijua: mgeni humiminiwa maji ya kunawa anapoandaliwa chakula. Aliponawishwa, aliamini amekaribishwa kula.

"Ahsante sana, Bi Zubeida," akasema. "Tangu asubuhi sijatia kitu kinywani." Akavua viatu, akaketi mkekani.

Ningemwambia nini? Katika nyumba hii hajawahi kunawishwa mtu akaondoka na njaa. Nikaleta wali wa nazi na samaki wa kupaka. Alipomaliza, vidole vyake vilikuwa vya manjano, na Kamaludin, kitini pake, akasema kwamba sasa juu ya wagonjwa arobaini pana samaki. Nikamnawisha tena. Kamaludin akasema mkono bado unanuka. Simu ya daktari ikalia, akaitwa kliniki. Mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kidole kisiposafishwa kufikia Ijumaa, kitakatwa.

Nilimgeukia kaka yangu. "Mgeni amekula peke yake nyumbani kwa Jaffar kama yuko hotelini, na wewe umekaa ukimtazama. Marehemu angeuficha wapi uso wake?"

Hilo lilimuuma kuliko kidonda. Ijumaa daktari alipokuja nilimnawisha, safari hii kwa makusudi, na Kamaludin akashuka kitini akaketi naye kwenye sinia moja la pilau. Daktari, kwa adabu aliyojifunza papa hapa, akachambua nyama laini kwenye mfupa na kuisogeza upande wa kaka yangu. Kamaludin akaitazama. Kuikataa kungekuwa fedheha. Akala. Akasogezewa nyingine, akala na hiyo.

"Mzee," akasema daktari, "mkono wangu umeshafika tumboni mwako. Kidole cha mguu kinaogopa nini?"

Kamaludin aliukagua mkono wa daktari kama anayetafuta hati iliyokosekana. Kisha akanyoosha mguu.

"Kanawe kwanza," akasema.

Kidole kipo. Asiyeamini amtazame Kamaludin akienda msikitini na makubadhi yake yaachayo vidole wazi.

Daktari bado huja kila Ijumaa. Hunawishwa, hula, na Kamaludin huketi naye sinia moja. Kidole kilipona kabla ya Ramadhani. Miezi iliyopita tangu hapo najua kuihesabu, hapana haja ya jirani kunihesabia. Kwa nini anaendelea kuja ni jambo la nyumba hii, na sisemi zaidi.